Jengo Ambalo Simu Haikuliona

Benchi ni langu, ingawa ukitukuta utadhani ni urithi wa watu wengi. Nililipigilia mwenyewe kwa mbao za mlango wa zamani ili wateja wapate pa kukaa wakati nawashonea viatu, na mpaka leo lina tundu la kitasa upande wa kushoto. Wateja husimama. Wanaokaa ni Mkasi, kinyozi wa chumba cha pili, ambaye ana methali kwa kila tukio na hakuna hata moja iliyowahi kuendana na tukio lenyewe. Redio, karani mstaafu, ambaye hutangaza habari kwanza kisha ndipo huitafuta. Na Chaja, fundi simu, mdogo wetu kwa umri na baba yetu kwa ubishi. Kahawa huletwa na Shemeji. Marehemu mumewe alikuwa kaka wa mtaa mzima, kwa hiyo yeye ni shemeji wa mtaa mzima. Asubuhi hiyo Redio alikuja akitembea haraka, jambo ambalo daktari wake amemkataza, na hata kabla hajakaa akaitoa habari yake.

— Imetoka.

— Pensheni? Mkasi akauliza.

— Mboni. Ile programu ya wasioona. Unaelekeza kamera ya simu kwenye kitu, simu inakutamkia ni kitu gani. Imefunguliwa kwa nchi yetu, na inasema Kiswahili.

— Si walisema ni ya zile simu za bei mbaya tu? Chaja akasema.

— Ndivyo ilivyoanza. Ilitoka kwa simu za bei mbaya, kwenye nchi ambazo watu wake wanazo. Ikaenda nchi nyingine, na nyingine. Sasa imeshuka kwa simu za kina sisi.

— Kwa hiyo kipofu mwenye hela alianza kuona zamani, Shemeji akasema huku akimimina.

— Biashara ndivyo ilivyo, shemeji.

— Na asiye na hela alikuwa anafanya nini?

— Alikuwa anaambiwa haipatikani nchini kwake, Chaja akajibu. Hayo maneno nimeyasikia mpaka nimeyakariri. Kila baada ya muda Mzee Chapa ananiletea simu yake, hebu jaribu tena, Chaja. Najaribu. Simu inasema, programu hii haipatikani nchini kwako. Mzee anaichukua, anasema, basi tungoje.

Jina la Mzee Chapa lilipotajwa, sote tukatazama ng'ambo ya barabara. Kisha sote tukaacha kutazama.

Inabidi nieleze. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda cha uchapaji, jengo la ghorofa tatu, na Mzee Chapa alifanya kazi humo tangu ujana. Alikuwa mpanga herufi. Kidole gumba chake cha kulia kimekuwa bapa kwa kazi hiyo. Alikuwa akizisoma herufi za madini ya risasi kwa kuzipapasa, tena kinyumenyume, akikuambia hapa pana kosa kabla wewe mwenye macho hujavaa miwani. Mle ndani ndimo alimokutana na marehemu mkewe, aliyekuwa akikunja kurasa ghorofa ya pili. Macho yake yalianza kufifia wakati mitambo nayo inafifia, vikazimika karibu pamoja. Kiwanda kikafungwa, jengo likabaki, na yeye akahamia kwenye benchi langu ili akae karibu nalo.

Kisha akaugua. Alilazwa kwa muda mrefu katika hospitali ya mbali, na katika muda huo jengo likabomolewa. Siku aliyorudi amekonda, ameshikwa mkono na dada yake anayeishi naye, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nyumba yangu haijambo?" Redio, ambaye moyo wake ni mwepesi kuliko hata mdomo wake, akamjibu, "Haijambo. Imekusubiri." Tukakubaliana kwamba tutamwambia akipata nguvu. Akapata nguvu. Dada yake alidhani sisi tumemwambia. Sisi tulishukuru kwamba dada yake hakumwambia.

Ubaya wa uongo ni kwamba unataka ukarabati. Mzee Chapa alipouliza kama rangi bado inabambuka, Mkasi alisema limepakwa upya, kijani. Wakati huohuo Redio alisema krimu. Ndipo likawa kijani chini, krimu juu. Mimi nililitia madirisha mapya. Chaja akaliwekea mlinzi, mtu wa heshima, ambaye kila asubuhi humpungia mkono Mzee Chapa. Tangu siku hiyo mzee hakai kwenye benchi kabla hajageukia ng'ambo na kupunga naye. Magari yanayoegeshwa pale tulimwambia ni ya wapangaji. Alipotaka kuvuka akaliguse, tulimkataza kwa ajili ya usalama wake. Jengo lilizidi kupendeza. Kuna siku niliinua kichwa kutoka kwenye soli nikashtuka kuona halipo.

Sasa mnaelewa kwa nini habari ya Redio haikutufurahisha.

— Asiiweke hiyo kitu, Mkasi akasema.

— Kwa nini asiiweke? Shemeji akauliza.

— Kwa usalama wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana simu huwekwa mfukoni.

— Wacha niwaambie kuhusu hizi programu, Chaja akasema, akaweka kikombe chini, na hiyo kwake ni dalili ya maelezo marefu. Watu wanadhani kuna mashine inayoona. Hakuna mashine. Kuna ukumbi.

— Ukumbi wa harusi?

— Ukumbi wa kazi. Mkubwa, umejaa watu wenye vipaza sauti. Kipofu akielekeza simu, picha inamfikia mtu mmoja mle ndani, anaitazama, anatamka. Kikombe. Mlango. Mbuzi. Zamu ikiisha anaingia mwingine.

— Mimi nimesikia ni akili mnemba, Redio akasema.

— Mnemba ndiyo nini? Mkasi akauliza.

— Ni akili ya kuigiza. Yenyewe haina inachokijua. Inachukua yaliyosemwa na wengine, inayarudia kwa kujiamini.

— Kumbe wewe unayo siku nyingi, Shemeji akasema.

Chaja hakutaka kukatizwa.

— Jiulizeni wenyewe. Ingekuwa mashine, si ingetoka siku moja dunia nzima? Kwa nini nchi ile kwanza, nchi hii baadaye? Kwa sababu wanaajiri. Kuitazama nchi iliyonyooka ni kazi nyepesi, mtaa, mti, mbwa, basi. Kututazama sisi ni kazi nzito. Walikuwa hawajapata watu wa kuiweza.

— Ukumbi upo, sikatai, Redio akasema, na hapo nilijua hakuna pa kusimama tena. Lakini juu ya ukumbi kuna mkataba. Kabla programu haijaingia nchi yoyote, wakubwa wa nchi wanakaa meza moja na kampuni. Wanakubaliana kitu gani kionekane na kipi kisionekane. Maua yaonekane. Bendera ionekane. Mashimo ya barabarani, hapana. Foleni ya ofisini isomwe kama watu wamekusanyika kwa furaha.

— Na simu za bei mbaya?

— Hizo zimeruhusiwa zaidi kidogo. Simu ya bei mbaya ikitazama shimo inasema shimo. Simu yako wewe itasema kivuli.

Mkasi alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari anayesikiliza waganga.

— Nyote mnazunguka mbuyu, akasema. Kuona hakutoki hewani. Mahali fulani kipofu akianza kuona, mahali fulani mtu ameacha kuona. Hiyo simu ikikutazama inakunyonya. Leo kidogo, kesho kidogo, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nani?

— Cha kampuni.

— Ndiyo maana walianzia nchi za mbali, Chaja akasema taratibu, kama mtu aliyeangukiwa na ukweli. Watu wa huko wote wana miwani.

— Hilo nami nililisikia, Redio akasema.

Shemeji akafunika birika.

— Mmemaliza? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nyinyi mmeitia lami na taa za barabarani. Mwambieni mzee wa watu.

— Nani aanze? nikauliza.

— Aanze aliyesema lipo.

— Mimi sikusema lipo, Redio akasema. Nilisema limemsubiri. Hata mtu aliyekufa unaweza kusema alikusubiri.

— Na wewe, shemeji, ulikuwepo, Chaja akasema. Ulinyamaza.

— Nilinyamaza. Na kila akimpungia huyo mlinzi wako mimi hugeukia birika langu. Unadhani sijioni?

Hapo fimbo ya Mzee Chapa ilikuwa imeshasikika kwenye ukingo wa barabara. Alikuja amevaa shati alilolitunza kwa sikukuu. Akasimama, akageukia ng'ambo, akapunga mkono juu, akangoja kidogo kama mtu anayepokea salamu, ndipo akakaa.

— Chaja, akasema. Umesikia?

— Nimesikia nini, mzee wangu?

— Usinifanyie hivyo. Mpwa wangu amenipigia kutoka huko aliko. Mboni imefika. Niwekee.

— Nitakuwekea. Tuseme wiki ijayo.

— Leo.

— Chaji yako itakuwa ndogo.

Mzee Chapa akapapasa kioo. Simu yake humsomea kila anachogusa, kwa sauti ya haraka kama muuza mnada. Ikasema, "Betri, asilimia tisini."

— Basi nafasi imejaa.

Akapapasa tena. Simu ikasema nafasi iliyobaki ni kubwa.

— Na mtandao leo unasumbua.

"Mtandao, nguvu kamili."

— Halafu nina hakika bado haipatikani nchini kwetu.

"Sakinisha," simu ikasema. "Kitufe."

Nimemwona Chaja akiwashinda kwa maneno wateja, polisi na mama mkwe. Sijawahi kumwona akishindwa na simu ambayo hata hajaitia bisibisi. Mzee Chapa akabonyeza kwa kile kidole gumba bapa, akaweka simu pajani, akakunja mikono kusubiri programu ishuke.

— Mzee, Mkasi akamwambia kwa sauti ya chini, hiyo kitu inanyonya macho.

— Yangu itanyonya nini, Mkasi?

Redio akajaribu kutusaidia.

— Sasa utaitazamia nini kwanza? Si uanze na nyumbani? Nguo, vyombo, sura ya dada?

— Nyumba yangu, mzee akasema, akaelekeza kidevu ng'ambo. Msinielewe vibaya. Nyinyi mmenisomea dunia tangu macho yazime, Mungu awalipe. Lakini kusimuliwa ni kama kulishwa. Unashiba, ila tonge hujalikata mwenyewe. Nataka nikakione hicho kijani.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaendelea kugonga kisigino ambacho kilikuwa kimeshagongwa. Simu ikatoa mlio. Mboni ilikuwa tayari.

— Ijaribu kwetu kwanza, Chaja akasema haraka. Fundi yeyote hupima kabla ya kutumia.

Mzee akakubali. Akaielekeza kwa Mkasi. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya mnada. Ilikuwa ya mwanamke asiye na haraka, Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi.

"Mwanamume mwenye upara ameketi kwenye benchi. Ameshika kikombe."

— Upara? Mzee Chapa akasema. Mkasi, si uliniambia nywele zako zina mawimbi?

Mkasi akajipapasa kichwa.

— Kinyozi hajinyoi, akasema kwa unyonge, na hiyo ikawa methali yake ya kwanza kukaribia tukio.

Simu ikageuzwa kwa Redio. "Mwanamume mzee. Mdomo wake uko wazi."

— Huyo namjua, Mzee Chapa akasema, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Hii programu ni kali jamani.

Ikafika kwangu. "Mwanamume ameshika kiatu cha mwanamke. Anaonekana ana wasiwasi."

— Fundi, una wasiwasi wa nini?

— Kisigino hiki, nikasema.

Akasimama. Akaacha fimbo kwenye benchi, akashika simu kwa mikono miwili, akaielekeza ng'ambo ya barabara kwa heshima, kama mtu anayempiga picha mzazi wake. Sote tukatazama kule. Nadhani kila mmoja wetu, kwa nafasi ndogo moyoni, alitegemea jengo lifanye hima lirudi.

"Eneo la wazi," yule mwanamke akasema. "Magari yameegeshwa. Nyuma kuna ukuta wenye maandishi. Maandishi yanasema: Usikojoe hapa."

Mzee Chapa hakusogea.

— Nimeelekeza vibaya. Fundi, nigeuze.

Nikaweka kiatu chini, nikamshika mabega. Mungu anisamehe, nikamgeuza kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa uangalifu kabisa, kama mtu anayetafuta kitu kilichopo.

"Eneo la wazi. Magari yameegeshwa. Mwanamume anaosha gari jekundu."

Akateremsha simu. Nilikuwa karibu naye, nikauona uso wake ukitafuta pa kwenda. Halafu akatabasamu.

— Haioni, akasema.

— Haioni, Chaja akadakia.

— Mbona upara wangu umeonekana? Mkasi akauliza, bado ana kidonda cha moyoni, na Shemeji akamkanyaga.

— Ni mkataba, mzee, Redio akasema. Majengo makubwa bado hayajaruhusiwa.

— Au wa zamu ameenda kula, Chaja akaongeza.

Mzee Chapa akarudi kukaa. Alikuwa mtulivu, hata mwenye furaha kidogo, kama mtu anayekutana na kazi anayoijua.

— Mimi nimeishi kwenye chapa, akasema. Toleo la kwanza halikosi makosa. Nimeona neno zima likirukwa, na wamelisoma watu wenye shahada zao. Hawa wameruka jengo. Vijana wa watu, mtaa huu hawajawahi kuukanyaga, watajuaje? Sasa nina mashine iliyofika leo, na nina nyinyi niliokula nanyi miaka yote. Nimwamini nani?

Nilitamani atuamini kidogo tu, si kwa kiasi kile.

— Niwaandikie, akasema. Mpwa wangu kaniambia kuna mahali pa kuripoti makosa, wanapenda kuambiwa. Tena si kwa ajili yangu peke yangu. Mwenzangu asiyeona atapita hapa, simu imwambie ni uwanja mtupu, aende mzimamzima akapige uso kwenye ukuta wa ghorofa tatu. Itakuwa dhambi yangu.

Akapapasa mpaka akapata pa kuandikia kwa sauti, akainua simu mdomoni.

— Kwa wahusika. Nimepokea programu yenu leo kwa shukrani. Inatambua vizuri upara na wasiwasi. Lakini haitambui jengo la ghorofa tatu lililo mbele yangu. Jengo hilo ni...

Akatugeukia.

— Nisaidieni sifa zake, wasilikose tena.

Nilidhani hapo ndipo mmoja wetu atasema, na kwa kweli mmoja alisema.

— Krimu juu, Redio akasema.

— Kijani chini, Mkasi akasema. Kijani iliyoiva.

— Na mlinzi umtaje, Chaja akasema. Ana kofia.

— Madirisha ya vioo, nikajisikia nikisema. Yale makubwa.

— Na saa juu ya mlango, Redio akaongeza.

— Saa? Mzee Chapa akageuka, uso umefunguka. Wameweka saa? Hamkuniambia.

— Ni ya juzijuzi.

— Marehemu mke wangu alikuwa akisema kila siku jengo lile linakosa saa.

Shemeji akaliweka birika chini kwa kishindo.

— Inatosha, akasema.

— Unasemaje, shemeji? Mzee Chapa akauliza.

Alifungua kinywa. Alimtazama mzee, shati lake la sikukuu, ile simu aliyoishika karibu na kifua. Kinywa kikajifunga.

— Nimesema kahawa inatosha kwa leo.

"Tuma," simu ikasema. "Kitufe." Kidole gumba kikainuka.

Hakuna kati yetu aliyekuwa amemwona mwenye kiatu. Alikuwa mwanamke mwenye sare ya uuguzi, mgeni mtaani, ambaye aliniachia kiatu asubuhi akaenda kunywa chai. Alikuwa amerudi, na kwa kuwa benchi limejaa alisimama nyuma yetu kama wateja wote wanavyosimama, akingoja tumalize. Alikuwa ametusikiliza tangu kwenye rangi. Akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua, akatazama ng'ambo huku, akatazama huko, kwa bidii ya mtu asiyetaka kuonekana mjinga.

— Samahani, akasema. Jengo gani?

Redio, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu hata la swali asiloulizwa, akatazama ndani ya kikombe chake. Chaja akashikwa na kikohozi. Mkasi midomo ilikuwa inacheza, anapekua methali, lakini hakuna iliyotoka. Mimi nilimpa yule mwanamke kiatu chake, kana kwamba ndicho alichouliza.

— Mama, Mzee Chapa akasema, kidole bado kiko hewani. Wewe unaona nini pale?

— Magari, baba. Ni uwanja wa kuegesha. Mimi nimehamia hivi karibuni, labda sijui vizuri...

— Na nyuma ya magari?

— Ukuta. Umeandikwa watu wasikojoe.

— Ahsante, mwanangu.

Mwanamke akatutazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba amekanyaga kitu bila kujua ni nini. Akavaa kiatu chake akiwa amesimama, akaondoka bila kujaribu kisigino.

Mzee Chapa alipapasa kioo mpaka simu ikasema, "Futa." Akabonyeza. Akaiweka simu mfukoni.

— Fundi, akasema.

— Naam, kaka.

— Lipo au halipo?

— Halipo.

— Tangu lini?

— Tangu ulipolazwa.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu vitu akilini. Saa. Madirisha. Kijani.

— Na mlinzi?

Chaja ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mtu wa ubishi.

— Alikuwa wangu, mzee. Nilimtunga.

— Alikuwa mtu mwema, Mzee Chapa akasema. Nilikuwa nafikiria kumpelekea shati.

Redio akajikohoza.

— Tulitaka upate nguvu kwanza.

— Nimeshazipata. Kwa hiyo nisimulieni.

— Tukusimulie nini?

— Lilivyoanguka. Mimi sikuwepo, na hata ningekuwepo nisingeona. Nyinyi mlikuwa hapa na macho yenu. Mke wangu nilimzika mwenyewe, udongo niliupapasa kwa mikono hii. Jengo sikulizika. Nipeni hilo, mnipe lilivyokuwa, bila kulipaka rangi. Walianzia upande gani? Kule kwenye mitambo, au kwenye ghorofa ya wakunja kurasa?

— Kule kwenye mitambo, Redio akasema.

— Kwa wakunja kurasa, Mkasi akasema, kwa wakati uleule.

Wakatazamana.

Mzee Chapa alikuwa ametugeuzia uso, anasubiri, bila hasira. Nikajaribu kukumbuka, kwa dhati, kama mtu anayepekua sanduku lake mwenyewe. Vumbi lilikuwepo, maana nilivifunika viatu. Tingatinga lilikuwepo, la njano, au labda jekundu. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Nilimtazama Shemeji, naye akatikisa kichwa, akainamisha birika juu ya kikombe cha mzee, yakatoka machicha matupu. Tulikuwepo sote siku zile, hapahapa kwenye benchi. Tulikuwa tumegeuka, tumelipa jengo mgongo ili vumbi lisiingie kwenye vikombe, tunabishana kwa sauti ya kushinda mashine, juu ya jambo ambalo nalo silikumbuki.

— Sina haraka, Mzee Chapa akasema.